SIKIO LA KUFA HALISIKII DAWA? Somo Kuhusu Matone ya Macho na Masikio

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Kila mwaka jarida letu hubeba mashairi, vitendawili na visa vya kuchekesha. Mimi mwaka huu nimeona nilete jambo linalokaa ndani ya mikoba yetu pamoja na vitabu, yaani vile vichupa vidogo vya dawa ya kutia machoni na masikioni.

Kichupa cha kawaida kina mililita 5 au 10 tu. Hicho ni kijiko kimoja au viwili vya chai. Ukikiona unafikiri ni mchezo. Lakini kikitumiwa vyema kinaokoa jicho, na kikitumiwa vibaya kinaweza kulimaliza. Ninalotaka kusema kwa ufupi ni hili: matone si ya kila jicho jekundu, wala si ya kila sikio linalouma. Kwanza ujue kinachokuuma, kisha upate dawa iliyo yako peke yako, uitie inavyotakiwa, na umalize siku zake. Basi twende pamoja.

1. KWA NINI SOMO HILI KWETU KWARE?

Ukifungua kamusi utaambiwa kware ni ndege. Sisi wenyeji tunajua kware ni machimbo ya mawe ya kujengea. Jiwe linapochongwa, vumbi hutimka na vipande huruka. Ongeza vumbi la barabara, saruji ya mijengo na moshi wa jikoni. Mwanafunzi wa shule ya kutwa anayekuja kwa miguu anaweza kufika macho yakiwa mekundu kama pilipili kabla ya kengele ya kwanza. Sasa, aliyeingiwa na vumbi na aliyeingiwa na ugonjwa, ukiwatazama kwa mbali, wote ni macho mekundu tu. Hapo ndipo makosa huanzia.

Tena, ukitoka Kitengela ukashika njia ya Isinya na Kajiado, ukaingia ndani kwa wafugaji, unakuta jambo zito zaidi. Kaunti yetu ya Kajiado ni miongoni mwa zile zilizojulikana kwa ugonjwa wa trakoma, pamoja na Narok, Samburu, Baringo, Turkana na Pokot Magharibi. Trakoma huletwa na bakteria wa aina ya klamidia. Hupita kwa vidole, kwa nguo ya kufutia uso, na kwa nzi wanaotua kwenye tongotongo za watoto. Mtoto akiambukizwa tena na tena, ndani ya kope huwa na makovu. Miaka mingi baadaye kope hujikunja kuingia ndani, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa, mpaka mtu anapofuka. Kumbe upofu wa nyanya unaweza kuwa ulianza alipokuwa mtoto wa miaka mitatu, uso haujanawishwa!

Shirika la Afya Duniani lina mpango wa nguzo nne dhidi ya trakoma: upasuaji wa kope zilizojikunja, dawa za antibiotiki, usafi wa uso, na mazingira safi yenye maji na vyoo. Angalieni vizuri, dawa ni nguzo moja tu kati ya nne. Malawi ilifuata njia hiyo, na mwaka wa 2022 ikathibitishwa kuwa imeushinda ugonjwa huu kama tatizo la afya ya umma.

2. DAWA HIZI NI NINI HASA?

Antibiotiki, au viuavijasumu kama vitabu vyetu vinavyosema, ni dawa zinazoua bakteria au kuwazuia wasizaane. Haziui virusi. Haziondoi vumbi. Hazitibu mzio. Tafadhali lishike hilo, kwa sababu somo lote limesimama juu yake.

Alexander Fleming aligundua penisilini mjini London mwaka wa 1928. Mwaka wa 1947 kloramfenikoli ilipatikana kutokana na vijidudu vya udongo wa Venezuela, na hadi leo hutengenezwa kama matone ya macho. Nyingine tunazozikuta kwa kemisti ni tetrasaiklini, ambayo ni malhamu ya kupaka, jentamaisini na siprofloksasini.

Hapa Kenya dawa hizi zina historia yake. Mwaka wa 1988 ulichapishwa utafiti uliofanywa Nairobi kuhusu watoto wachanga. Mtoto anaweza kupata kisonono au klamidia machoni wakati wa kuzaliwa, na kisonono kinaweza kumpofusha kwa siku chache tu. Watafiti walilinganisha matone ya zamani ya nitrati ya fedha na malhamu ya tetrasaiklini. Zote mbili zilipunguza ugonjwa sana, na tetrasaiklini haikushindwa na ile ya zamani. Kwa hivyo ukimwona nesi akimpaka mtoto mchanga dawa machoni, usidhani ni mapambo. Analinda macho yake.

3. SI KILA JICHO JEKUNDU NI LA ANTIBIOTIKI

Jicho jekundu lina sababu nyingi. Nitataja nne ambazo tunakutana nazo kila siku.

(a) Bakteria. Jicho hutoa usaha mzito wa manjano au kijani, na asubuhi kope hugandana mpaka uzilainishe kwa maji. Hapa matone ya antibiotiki husaidia.

(b) Virusi. Jicho hutoa machozi mengi mepesi, huhisi kama lina mchanga, na mara nyingi huanzia jicho moja likahamia la pili. Mafua yanaweza kuandamana nayo. Mtakumbuka mwanzoni mwa mwaka wa 2024 macho mekundu yalivyoenea Mombasa na kaunti nyingine za Pwani, na Dar es Salaam pia. Huo ulikuwa ugonjwa wa virusi. Wengi hupona wenyewe kwa wiki moja au mbili, wakinawa mikono na kuosha macho kwa maji safi. Antibiotiki haiwafupishii siku hata moja.

(c) Mzio. Macho yote mawili huwasha kweli kweli, mtu hujisugua bila kukoma, hasa wakati wa vumbi na maua. Antibiotiki hapa ni bure.

(d) Kitu kilichoingia. Kipande cha jiwe, chuma, saruji au chokaa. Saruji na chokaa huunguza jicho. Dawa ya kwanza ni maji safi mengi, papo hapo, kwa dakika 20 au zaidi, huku kope zikiwa zimefunguliwa. Kisha hospitali. Usipoteze wakati ukitafuta kichupa.

Kuna muhula mmoja macho mekundu yaliingia darasani kwetu. Mwenzetu mmoja alikuwa amenunuliwa matone na mamake. Kufikia mapumziko ya saa nne kichupa kilikuwa kimezunguka madawati matatu. "Nidondoshee kidogo tu, bwana, hata mimi yaniwasha." Ncha ya kichupa ikagusa kope za huyu, ikagusa kope za yule. Kufikia Ijumaa safu nzima ilikuwa inatokwa machozi, na mwenye dawa hakubakiwa na tone. Muuguzi aliyekuja kutuzungumzia alisema neno ambalo sijalisahau: "Hamkugawana dawa. Mligawana ugonjwa." Kichupa kimoja, mtu mmoja. Hata ndugu wa tumbo moja, kila mmoja awe na chake.

4. JINSI YA KUTIA DAWA MACHONI

Hatua ni hizi. Nimezipanga kama mapishi ili hata mdogo wako wa darasa la tano aweze kuzifuata.

(i) Soma jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Hakikisha ni dawa ya macho, si ya masikio. Kuna matone yaliyotengenezwa kwa macho ambayo daktari anaweza kuruhusu yatiwe sikioni, lakini ya sikio yasitiwe jichoni kamwe.

(ii) Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kama nyumbani hakuna mfereji, kibuyu chirizi kinatosha. Usinawe ndani ya karai moja na watu wengine.

(iii) Futa tongotongo kwa pamba au kitambaa safi chenye maji yaliyochemshwa yakapoa. Anza pembe ya puani ukielekea nje. Kila jicho na kipande chake.

(iv) Inamisha kichwa nyuma, tazama juu, vuta kope ya chini polepole ili ipatikane nafasi kama kijimfuko.

(v) Dondosha tone moja ndani ya kijimfuko hicho. Ncha isiguse jicho, kope wala kidole. Usiongeze la pili ati ndipo upone haraka. Jicho halina nafasi hata ya tone moja zima. La pili litakutiririka shavuni, na hizo ni pesa za mzazi zinamwagika.

(vi) Fumba macho bila kukaza, ubonyeze pembe ya jicho karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Pale pana kijitundu kinachopeleka machozi puani. Ndiyo sababu mtu akitia dawa ya macho husikia uchungu kooni. Ukibonyeza, dawa hubaki jichoni.

(vii) Kama umeandikiwa dawa mbili, ngoja dakika 5 kati ya moja na nyingine. Matone hutangulia, malhamu huja mwisho. Malhamu huvuruga kuona kwa muda, basi usipande baiskeli wala kuvuka barabara ya Namanga saa hiyo hiyo.

(viii) Andika kwenye karatasi ya kichupa tarehe uliyokifungua. Vichupa vingi hutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa, hata kama dawa imebaki. Usikiweke akiba kwa ugonjwa ujao.

5. NA MASIKIO JE?

Sikio lina vyumba vitatu, na kati ya cha nje na cha kati pana kiwambo, ngozi nyembamba kama ya ngoma. Ugonjwa wa chumba cha nje huuma ukilivuta sikio au ukikibonyeza kile kinundu cha mbele. Ugonjwa wa chumba cha kati huanzia ndani, mara nyingi baada ya mafua. Kiwambo kikiwa kizima, matone hayavuki kuingia chumba cha kati. Kwa hivyo mtoto mwenye homa na maumivu makali ya ndani huenda akahitaji dawa ya kunywa, wala si matone. Daktari hutazama ndani kwa kifaa chenye taa ndipo ajue. Sisi hatuna macho ya kuona huko.

Kiwambo kikitoboka, usaha hutoka. Ukitoka kwa zaidi ya wiki mbili, ule umekuwa ugonjwa sugu, na hapo matone huwa na kazi kubwa. Nawaletea ushahidi wa humu humu nchini. Mwaka wa 1996 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi wa shule za msingi za Kiambu wenye masikio ya usaha. Baada ya wiki 16, usaha ulikuwa umekauka kwa asilimia 51 ya waliokaushwa masikio na kutibiwa kwa dawa zikiwemo antibiotiki. Waliokaushwa tu bila dawa walikuwa asilimia 22, sawa na wale ambao hawakutibiwa. Mwaka wa 2005 ukachapishwa utafiti mwingine wa wanafunzi 427 wa Kenya. Baada ya wiki mbili, waliotiwa matone ya siprofloksasini walikauka asilimia 59, na waliotiwa asidi ya boriki yenye spiriti asilimia 32. Kwa hiyo dawa ina maana, na aina ya dawa ina maana pia.

Njia yenyewe ni hii. Kwanza kausha sikio, kwa kuwa dawa haipiti kwenye usaha. Sokota kitambaa safi laini au pamba kama utambi wa taa, uingize taratibu mpaka ulowe, uutoe, uweke mwingine, mpaka utoke mkavu. Usitumie njiti ya kiberiti, kalamu wala ufunguo. Pasha kichupa joto kwa kukishika kiganjani dakika chache, maana dawa baridi humletea mtu kizunguzungu. Lala ubavu, sikio linalougua likiwa juu. Kwa mtu mkubwa, vuta sikio juu na nyuma. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, livute chini na nyuma. Dondosha idadi uliyoandikiwa, ubonyeze kile kinundu cha mbele mara kadhaa ili dawa ishuke, kisha ulale hivyo hivyo kwa dakika 5. Usizibe sikio kwa pamba siku nzima, na usiache maji yaingie wakati wa kuoga.

Jambo moja la hatari: jentamaisini na neomaisini zikipita kwenye kiwambo kilichotoboka zinaweza kudhuru mishipa ya kusikia. Matone mabaya yanaweza kumaliza hata ule usikivu uliobaki. Kwa hivyo usimtie mtu matone sikioni kabla halijaangaliwa.

Katika shule ya msingi niliyosoma palikuwa na mvulana aliyetokwa na usaha sikioni tangu darasa la nne. Tulikaa mbali naye kwa ajili ya harufu. Akiulizwa swali hajibu, anaambiwa ana kiburi. Akapelekwa kukaa nyuma, mahali ambapo hata mwenye masikio mazima husikia kwa shida. Alipofika darasa la saba ndipo shangazi yake alipompeleka kliniki. Sikio lilikauka, lakini upande ule hasikii sawasawa hadi leo. Miaka mitatu ya masomo ilimpita hivi hivi, na watu wakisema hana akili. Walimu wetu wapendwa, mwanafunzi akionekana hasikii, tafadhali mwulizeni kuhusu masikio kabla ya kumwuliza kuhusu adabu.

6. MAMBO YA KUEPUKA

(a) Usiende kwa kemisti ukasema tu, "Niuzie ile ya macho." Eleza unavyougua, na umwulize, "Hii ni antibiotiki? Nitie mara ngapi? Kwa siku ngapi? Ina steroidi?" Hilo la mwisho ni kubwa. Kuna matone yaliyochanganywa na steroidi. Hutuliza wekundu upesi, mtu akafurahi. Lakini kama jicho lina kidonda cha virusi vya hapisi au cha kuvu, steroidi hukichochea. Na ikitumiwa kwa muda mrefu bila daktari inaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

(b) Usitie jichoni mkojo, mate, maziwa ya mama, maji ya chumvi ya kukadiria, majani ya chai wala utomvu wa mimea. Wazee wetu tunawaheshimu, ila vitu hivi huingiza vijidudu vipya kwenye jicho lililokwisha kuumia.

(c) Usikatize dawa siku ya pili kwa kuwa unaona nafuu. Fleming alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945 alionya kwamba dawa ikitumiwa kidogo kuliko inavyotakiwa, vijidudu huizoea. Maneno yake yametimia. Imekadiriwa kwamba mwaka wa 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria walioshinda dawa. Kenya nayo ilizindua mpango wake wa kitaifa wa kupambana na usugu huu mwaka wa 2017.

(d) Usitie matone huku umevaa lenzi za macho, wala usishiriki taulo, leso au wanja na mgonjwa.

7. WAKATI WA KUKIMBILIA HOSPITALI

Usingoje kesho ukiona mojawapo ya haya: jicho linauma sana, mwanga unalichoma, huoni vizuri, pana doa jeupe kwenye kioo cha jicho, jicho limepigwa na kitu, au mtoto mchanga ana usaha machoni. Kwa sikio: uvimbe nyuma ya sikio, homa kali, shingo kukakamaa, kizunguzungu, au uso kulegea upande mmoja. Pia kama umetia dawa siku mbili au tatu na hakuna nafuu, rudi.

Kwetu ipo hospitali ya kaunti ndogo ya Kitengela, na huko Kajiado mjini ipo hospitali ya rufaa ya kaunti. Kwa matatizo makubwa ya macho watu wengi hutumwa Kikuyu, kwenye kitengo cha macho kilichoanzishwa mwaka wa 1975. Kwenda mapema ni nauli ya mara moja. Kuchelewa ni nauli ya kila mwezi.

8. HITIMISHO

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Methali hii ni ya mtu mkaidi asiyekubali kuonywa, na katika fasihi maana hiyo ni sawa. Lakini tusiipeleke kwenye sikio lenyewe. Sikio la mtoto linalotoka usaha linasikia dawa, ikiwa ni dawa inayofaa, imetiwa mapema na imemalizwa. Pengine lisilosikia ni la sisi tulio na masikio mazima, tunaoambiwa tusigawane kichupa na bado tunagawana.

MASWALI YA ZOEZI

1. Taja tofauti mbili kati ya jicho jekundu la bakteria na la virusi.
2. Kwa nini tone moja linatosha?
3. Kwa nini sikio likaushwe kabla ya kutiwa dawa?
4. Jirani amekupa kichupa kilichofunguliwa miezi miwili iliyopita. Utamjibuje kwa heshima?
5. Tunga methali nyingine inayofaa mwanafunzi asiyesikia vizuri darasani.

Majibu ya swali la nne na la tano yaletwe kwenye mkutano wa chama. Wasalaam.